Mkajisomee

Kwenye mtihani wa kengele wa muhula uliopita, karibu nusu ya darasa la mwaka wa kwanza iliandika jibu moja la makosa, herufi kwa herufi.

Kwa msomaji ambaye hajapitia adha hii: viungo hupangwa mezani, kila kimoja kimechomwa pini au kufungwa uzi wenye namba. Unasimama mbele ya namba dakika moja, unaandika jina la kile unachokiona, kengele inalia, unasogea. Hakuna kurudi nyuma. Namba 14 ilikuwa nyonga ya mwanamke, na uzi ulifungwa kwenye mrija mwembamba uliopita chini ya mshipa wa damu, kando ya shingo ya kizazi. Jibu lilikuwa ureta, yaani mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Nusu ya darasa ikaandika ateri ya kizazi.

Tulipokuwa tunasahihisha, walimu walicheka. Mmoja akasema, "Kizazi hiki hakijisomei kabisa." Wakacheka tena. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilijua kosa lile lilizaliwa wapi. Lilizaliwa meza ya nne, wiki ya tatu ya muhula, na kwenye karatasi ya mahudhurio ya siku ile, pale panapoandikwa jina la mkufunzi, pana sahihi yangu.

Nina miaka 27. Nasoma shahada ya uzamili ya anatomia, na kama wenzangu wengi wa uzamili, nasimamia vipindi vya maabara vya wadogo zetu. Siku ile nilisimama mlangoni, nikagawa miongozo, nikasema maneno ambayo na mimi nilikuwa nimeambiwa mara nyingi: "Leo ni nyonga. Mwongozo mnao, atlasi mnazo. Mkajisomee, mkikwama mniite." Kisha nikaenda chumba cha pili kuandika andiko langu la utafiti, ambalo msimamizi wangu alilitaka kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyeniita. Nikachukulia kimya chao kuwa dalili ya kuelewa.

Baadaye wanafunzi wenyewe walinisimulia kilichotokea. Walikuwa 12 kwenye mwili mmoja. Waliuona mrija, wakaulinganisha na picha. Kwenye atlasi ateri ni nyekundu, vena ni za bluu, neva na ureta ni za njano. Kwenye mwili uliokaa kwenye fomalini kila kitu kina rangi moja, rangi ya karatasi iliyomwagikiwa chai. Wakabishana kwa Kiswahili, na mwenye sauti kubwa akashinda. Jina likaandikwa kwa Kiingereza kwenye kipande cha karatasi na kufungwa kwa uzi. Aliyejaliwa kipaji cha kuchora akachora. Usiku ule mchoro ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na wiki iliyofuata ukawa desa. Desa likishakuwa desa, hakuna anayeuliza baba yake nani.

Ninaandika kulipinga neno hilo, mkajisomee, kama linavyotumika leo katika maabara zetu. Nalipinga kwa sababu naamini kwa dhati katika kujifunza kwa kujiongoza. Naamini mwanafunzi anayetafuta mwenyewe hukumbuka zaidi ya anayetafuniwa. Lakini tumelichukua jina la jambo jema na kulivika utoro wetu. Mwalimu asipokuja, tunasema wanajiongoza. Vifaa visipotosha, tunasema wanatafuta nyenzo. Wakifeli, tunasema hawajisomei. Ni mpango mzuri sana kwetu sisi, kwa kuwa hakuna hatua hata moja ambayo lawama inaweza kumrudia mwalimu.

Niseme kwa nini ureta inaniuma kuliko viungo vingine.

Nilipokuwa kwenye mwaka wa mafunzo ya kazi baada ya shahada ya kwanza, nilisimama kwenye upasuaji wa kuondoa kizazi. Kazi yangu ilikuwa kushika vyuma vinavyopanua kidonda, ili daktari aone. Kabla ya kufunga na kukata ateri ya kizazi, alisimamisha mkono, akaniambia, "Dokta, nionyeshe ureta." Nilikuwa na alama A ya anatomia. Nilijua kuandika kwamba ureta hupita chini ya ateri ya kizazi, karibu sentimita 2 kando ya shingo ya kizazi. Nilijua hata ule usemi tuliokariri wa maji kupita chini ya daraja. Nikanyoosha kidole, nikaonyesha mshipa wa damu.

Hakunigombeza. Aliusogeza mrija wenyewe kwa ncha ya koleo, akaugusa kidogo, ukajikunja polepole kama mnyoo. "Mshipa wa damu hudunda," akasema. "Huyu hutambaa." Kisha akakata mahali sahihi.

Ikikatwa ureta badala ya ateri, au ikifungwa pamoja nayo, mwanamke anaweza kupoteza figo, au akaanza kuvuja mkojo mchana na usiku. Fistula nyingi tunazozisikia husababishwa na uchungu wa kuzaa uliokwama muda mrefu. Lakini zipo zinazosababishwa na mikono ya madaktari, katika upasuaji wa uzazi na wa kuondoa kizazi, na ureta ni mmoja wa wahanga wakubwa. Mwanamke huyo atanuka mkojo kwenye daladala na kanisani. Pengine mume ataondoka. Na chanzo kinaweza kuwa kijana mmoja aliyesimama meza ya nne miaka mingi kabla, akabishana na wenzake, akashindwa kwa sauti, akaandika jina la makosa, na hakukuwa na mtu mzima chumbani wa kumuuliza: umejuaje?

Sasa turudi kwenye hilo jina tuliloliazima. Mwaka 1975 Mmarekani Malcolm Knowles alichapisha kitabu kuhusu kujifunza kwa kujiongoza. Alieleza kwamba mwanafunzi hutambua anachohitaji, hujiwekea malengo, hutafuta nyenzo na watu wa kumsaidia, huchagua njia, kisha hupima alichokipata. Jina la kitabu chenyewe linasema ni mwongozo kwa wanafunzi na kwa walimu. Kabla ya hapo, mwaka 1969, chuo kikuu cha McMaster huko Kanada kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari na kuwafundisha kupitia matatizo ya wagonjwa, kwa vikundi vidogo. Kila kikundi kilikuwa na mkufunzi wake. Mkufunzi yule hakuhubiri, alikaa na kuuliza. Lakini alikaa. Sisi tumeagiza gari kutoka ng'ambo, tukapokea bodi bila injini, na sasa tunawalaumu abiria kwa kutofika.

Na hatukuwa na haja ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na moja ya mambo aliyoyalalamikia ni elimu ya kumeza vitabu isiyomwandaa kijana kufikiri na kuishi katika jamii yake. Neno lake lilikuwa kujitegemea. Hata hivyo hakumaanisha kwamba mtoto aachwe shambani na jembe ambalo hajawahi kuonyeshwa namna ya kulishika. Pita gereji yoyote ya mtaani uone. Kijana anayejifunza kazi hupitisha spana, hufungua tairi, huchungulia, huuliza. Siku moja fundi atamwachia gia boksi, lakini siku hiyo fundi atakuwa amesimama hapo hapo mwenye mafuta mikononi, kwa sababu gari ni la mteja. Ajabu ni kwamba tunaulinda mwili wa gari la mteja kuliko tunavyolinda mwili wa mgonjwa ajaye.

Najua watakaofurahi kusoma hapa ni wale wazee wetu wanaosema, "Si tuliwaambia? Turudi kwenye mhadhara. Mwalimu aonyeshe, mwanafunzi akariri." Naomba wasifurahi mapema, kwa sababu nao nina neno nao.

Ulaya, kabla ya katikati ya karne ya 16, somo la anatomia lilikuwa hivi: profesa ameketi kwenye kiti cha juu akisoma maandishi ya Galen, kinyozi anakata mwili chini, na mtu wa tatu anaonyesha kwa fimbo kile kinachosomwa. Galen alikuwa amepasua zaidi wanyama kuliko binadamu. Alisema taya la chini ni mifupa miwili. Kwa zaidi ya miaka 1,000 watu walitazama taya la mfupa mmoja na kusikia ni mawili, na sauti ya kiti ikashinda macho. Andreas Vesalius ndiye aliyeshuka chini pale Padua, akashika kisu mwenyewe, na mwaka 1543 akachapisha kitabu kilichosahihisha mengi. Wapenzi wa kujisomea humpenda sana Vesalius.

Lakini huwa hawasimulii mwaka 1538. Mwaka huo Vesalius, akiwa ameshaanza kupasua kwa mikono yake, alichapisha michoro ambayo ndani yake ini la binadamu lina vipande vitano, kama Galen alivyofundisha. Alikuwa na macho, kisu na mwili, na bado aliona kile alichotayarishwa kukiona. Ilimbidi alinganishe binadamu na wanyama, arudie, abishane, ndipo aone. Kwa hiyo kumwachia mtu kisu na mwili hakutoshi, na kumwekea profesa kwenye kiti cha juu hakutoshi. Kinachotosha ni mtu kulazimika kueleza amejuaje, mbele ya mwingine anayeweza kumkatalia.

Nimeona hili likifanya kazi, si kwenye chumba cha miili bali kwenye maabara ya fiziolojia, kwenye zoezi la kupima presha. Kila mwaka tunakusanya ripoti, na kila mwaka darasa zima lina presha ya 120 kwa 80. Vijana 12 waliolala saa nne, wenye madeni na mtihani kesho yake, wote 120 kwa 80 kama wamefyatuliwa kiwandani. Wanaandika hivyo kwa sababu wanajua ndilo jibu linalotakiwa. Zoezi lililopaswa kuwafundisha kupima limewafundisha kughushi, na sisi tunatia alama ya vema.

Muhula huu, baada ya aibu ya namba 14, nilibadili kitu kimoja. Sikuwapa mwongozo. Niliwapa swali: kati yenu, nani ana presha ya juu zaidi, na mnaweza kuniaminishaje kwamba ni kweli? Kisha nikavuta kiti, nikakaa.

Dakika ishirini za kwanza zilikuwa fujo. Kisha kijana mmoja mnene, mcheza mpira wa kikapu, akapatikana na 152 kwa 96. Wakaanza kumtania kwamba atakufa mapema. Binti mmoja, ambaye katika wiki zote hakuwa amefungua mdomo, akasema, "Tumpime tena." Wakampima, ikawa ile ile. Akasema, "Tumpime mkono wa pili." Ile ile. Wakanigeukia. Nilijua jibu, na ulimi uliniwasha. Nikauliza tu, "Huo mkanda umemkaaje mkononi?"

Wakatazama. Mkanda ulikuwa umefika kwa shida, gundi yake imeshika kwa ncha. Binti akauliza kama kuna mkanda mkubwa zaidi. Ulikuwepo, kabatini, na ufunguo ninao mimi. Wakamfunga mkanda mkubwa: 128 kwa 82. Kelele zilizopigwa mle ndani zilimleta mzee wa maabara kuuliza nani kaumia.

Hawatasahau maisha yao yote kwamba mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa hudanganya, na hudanganya kwa kupandisha. Baadhi yao watakuja kumwokoa mtu na dawa za presha asizozihitaji. Walijifunza wenyewe, hilo silitii shaka. Ila tazama kilichohitajika: swali lenye jibu lisilojulikana, mtu aliyenyamaza kwa makusudi, sentensi moja kwa wakati wake, na ufunguo wa kabati. Ningekuwa chumba cha pili naandika andiko langu, kijana yule angeandikwa 120 kwa 80 na maisha yangeendelea.

Wenzangu wananijibu mambo mawili.

La kwanza: hawa ni watu wazima, chuo kikuu si shule ya msingi. Sawa. Lakini watu wazima hawa wametoka wapi? Mmoja ametoka shule yenye maabara tatu, amekwisha kutumia hadubini akiwa kidato cha pili. Mwingine amefika kidato cha sita kwa kufanya vitendo vya baiolojia kwenye karatasi, na mara ya kwanza kushika kibano ni kwetu. Ukiwaambia wote wawili "mkajisomee", umewapa maneno sawa na mizigo tofauti. Wa kwanza atajiongoza kweli, kwa kuwa alishaongozwa. Wa pili atasubiri desa. Na likija suala la sapu na disko, nadhani unajua nani atafunga begi kurudi nyumbani, huku mkopo ukimsubiri kulipwa. Kujiongoza ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa. Kumdai mtu ujuzi ambao hukumfundisha, kisha kumfukuza kwa kuukosa, ni dhuluma hata kama imeandikwa vizuri kwenye mtaala.

La pili ni zito zaidi: wanafunzi ni wengi, walimu ni wachache, tufanyeje? Hapa sina ubishi na hesabu. Nina ubishi na jina. Kama tuna upungufu wa walimu, tuuite upungufu wa walimu, tuuandike kwenye ripoti, tuupeleke kwa wanaogawa bajeti. Tukiuita mbinu ya kisasa ya ufundishaji, tumewapa wagawaji wa bajeti sababu ya kutoajiri mtu yeyote. Shimo likipakwa rangi halijazibwa.

Na hata katika uchache huo yapo yasiyohitaji bajeti. Kipindi cha saa tatu kinaweza kuanza na dakika kumi za swali. Kila jina linalofungwa kwa uzi linaweza kuandikwa nyuma yake linatoka wapi na linakwenda wapi. Kijana aliyelazimika kuufuata mrija hadi kwenye figo hawezi kuuita ateri. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kuwekwa mmoja kila meza na kupewa alama kwa kazi hiyo, maana nao wanahitaji kurudia. Hakuna meza inayofunikwa kabla ya mtu anayejua hajapita kusoma karatasi zake. Na mtihani wa kengele ubadilike. Ukiuliza jina tu, utafundisha majina tu. Uliza: ukikata hapa, nini kitatokea kwa mgonjwa?

Nimebakiza jambo moja ambalo huwa halisemwi kwenye vikao vya mitaala. Katika nchi nyingi za Afrika, miili mingi inayotumika vyuoni ni ya watu ambao hakuna ndugu aliyejitokeza kuwachukua. Mwanamke wa meza ya nne hakujaza fomu ya kujitolea. Hakuna anayejua jina lake. Amelala pale bila ridhaa yake, na kitu pekee kinachoweza kuhalalisha jambo hilo, kama kipo, ni kwamba wanawake wengine watapona kwa sababu yake. Tulimwacha na vijana 12 na mwongozo uliotolewa kopi, wakamsoma vibaya, na tukayarudisha makosa yale kwake kwa kumfunga uzi wa mtihani. Wakati wa kusahihisha tukacheka.

Baada ya matokeo kutoka niliomba mwili ule ufunuliwe tena. Niliwaita wale 12, wakiwemo wawili waliokuwa wanasubiri sapu. Nikawaambia nilikuwa wapi siku ile. Walishangaa, nadhani hawajazoea mkufunzi kuomba radhi. Kisha nikamwomba yule mwenye sauti kubwa aweke kidole kwenye figo, aushike mrija, aufuate bila kuuachia. Akashuka nao taratibu, akavuka ukingo wa nyonga, akapita chini ya ateri, akafika kwenye kibofu. Akabaki ameshikilia hapo, kimya.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Nimetoka nao nyumbani kwao, dada," akasema.

Kesho saa mbili asubuhi nina kundi jipya kwenye meza ile ile. Andiko langu la utafiti limechelewa wiki mbili, na msimamizi wangu amekwisha kuniandikia. Nitamjibu mchana, nikitoka maabara.